Kuoka na Kushona Nyumbani: Msaada kwa Wazazi wa Nyamira Wenye Kazi Nyingi

Katika vilima vya Nyamira kazi ya mzazi huanza kabla jua halijachomoza. Ng'ombe wataka kukamuliwa, watoto wataka uji kabla ya kwenda shule, na chai nayo haimngoji mtu. Mchumaji huingia shambani umande ungali juu ya majani, na kikapu chake hakina budi kufika kwenye kituo cha kununulia kabla ya gari la kiwanda. Liwe ni gari la Kebirigo au la Sanganyi, la Nyansiongo au la Tombe, la Gianchore au la Nyankoba, likishapita limepita. Baada ya hapo kuna palizi ya mahindi, kuni, maji na chakula cha jioni. Mwalimu na karani nao, ijapokuwa hawakushinda shambani, hurudi nyumbani jioni na kuikuta kazi ile ile ikiwangoja.

Mtu akimshauri mzazi wa namna hii aoke mkate mwenyewe na kushona nguo za watoto, aghalabu hujibiwa kwa swali: wakati uko wapi? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, mkate, sare ya shule na mfuko wa sokoni ni matumizi yasiyokoma. Nyumba inunuayo mkate mmoja wa gramu 400 kila siku hununua mikate 365 kwa mwaka. Fedha za majani ya chai hazilipwi kila siku. Hulipwa kila mwezi, na bonasi huja baada ya mwaka mzima. Basi yafaa kutazama ni kazi zipi za kuoka na kushona ziwezazo kufanywa bila ya kumwibia mzazi saa zake za shamba au za usingizi, na ni zipi zisizofaa kujaribiwa.

Kwa nini wakati umepungua

Zamani mama wa Kigusii alikuwa na msaidizi ambaye leo hayupo. Robert LeVine na Barbara LeVine, wataalamu wa Marekani waliokaa Gusii kati ya mwaka 1955 na 1957, waliandika habari za omoreri, yaani mtoto mkubwa kidogo aliyekabidhiwa kitoto kichanga wakati mama yake alipokuwa akilima. Omoreri alibeba mtoto, alimbembeleza, alimlisha uji, na mama akapata mikono yake miwili.

Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wakaenda darasani. Hilo ni jambo la heri, wala hakuna mtu mwenye busara atakaye lirudi nyuma. Lakini kazi iliyofanywa na mikono ile midogo haikutoweka. Imemrudia mzazi, naye hana saa zaidi ya zile alizokuwa nazo mamaye. Kwa hiyo shauri lolote la kazi za nyumbani lisilohesabu saa hizo ni shauri la bure.

Mafunzo yaliyotangulia

Kuoka na kushona si mambo mageni katika nchi hii. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, na viongozi wa vilabu vyake walifundishwa katika Shule ya Jeanes, Kabete. Walijifunza upishi, ushonaji, usafi wa nyumba na malezi ya watoto, kisha wakarudi kuwafundisha wenzao. Serikali ya wakati ule ilikuwa na nia zake za kisiasa katika kukieneza chama hicho, maana ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Hata hivyo maarifa yenyewe yalibaki mikononi mwa wanawake, na mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa chama hicho.

Makanisa nayo yalikuwa na sehemu yake. Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi katika Gusii, wana vikundi vya Dorkasi. Jina hilo ni la yule mwanamke wa Yafa ambaye kitabu cha Matendo ya Mitume chamsifu kwa kanzu na nguo alizowashonea wajane. Shuleni pia, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliweka Sayansikimu na kazi za mikono katika masomo ya shule ya msingi, na wazazi wengi wa leo walishika sindano kwa mara ya kwanza katika vipindi hivyo.

Udhaifu wa mafunzo mengi ya namna hii, ya kale na ya sasa, ni mmoja. Hufundisha chakula na nguo, lakini huacha kufundisha hesabu ya moto na hesabu ya saa. Mwanafunzi hujua kuoka keki katika oveni ya shule, kisha hurudi katika nyumba isiyo na oveni.

Kanuni ya kwanza: moto uliobaki

Mzazi awashaye jiko jipya la makaa kwa ajili ya mkate mmoja tu hapati faida. Bei ya makaa itakula bei ya mkate. Faida hupatikana moto ukiwa umekwisha kufanya kazi nyingine. Jioni, maharagwe yakiisha kuiva na ugali ukiisha kusongwa, makaa yaliyobaki bado yana joto la saa moja au zaidi. Joto hilo, ambalo katika nyumba nyingi huachwa likapotea, ndilo oveni ya maskini na ya tajiri pia.

Oveni yenyewe ni sufuria kubwa ya zamani, nzito, yenye kifuniko kinachokaa vyema. Ndani yake humiminwa mchanga mkavu uliochekechwa, kimo cha vidole viwili, au vijiwe vidogo vilivyo sawasawa. Hufunikwa na kupashwa moto kwa dakika 15. Kisha sufuria ndogo au mkebe uliopakwa mafuta, wenye unga wa kuokwa, hukalishwa juu ya mchanga ule. Kifuniko hurudishwa, na makaa machache huwekwa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kwa kuwa joto la chini hupanda lenyewe, na mkate ulioungua tako huku uso wake ukiwa mweupe ni dalili ya kulisahau jambo hili. Sufuria nyembamba ya alumini, na ile iliyopakwa rangi ya kuzuia chakula kisigande, zisitumiwe, maana huharibika zikipashwa moto mkavu.

Kujua joto hakuhitaji kipimo cha dukani. Unga kidogo hunyunyizwa juu ya kipande cha bati na kuwekwa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ukigeuka rangi ya kahawia hafifu baada ya dakika 5, joto latosha. Ukiwa mweusi, makaa yapunguzwe. Ukibaki mweupe, yaongezwe.

Mkate wa kutwa

Mkate huu wamfaa mtu asiye na nafasi ya kukanda, kwa kuwa hufanya kazi wenyewe hali mwenye nyumba yuko shambani. Vitu vyake ni hivi: unga wa ngano vikombe 4 vya robo lita, ambavyo ni kama nusu kilo, hamira kavu robo ya kijiko cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, na maji baridi kikombe kimoja na nusu.

Saa 12 asubuhi, maji ya chai yakichemka, vitu vyote huchanganywa katika bakuli kwa mwiko mpaka pasionekane unga mkavu. Kazi hiyo haizidi dakika 5. Bakuli hufunikwa kwa sahani na kuachwa mahali pasipo jua. Hamira ni kidogo kwa makusudi, ili unga uumuke polepole kwa kutwa nzima pasipo kuchachuka mno. Saa 12 jioni unga utakuwa umejaa mapovu. Mpishi hupaka mikono mafuta, huukunja mara nne, huutia katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, na kuuacha uumuke tena wakati chakula cha jioni kikipikwa. Watu wakila, mkate huingia motoni. Huiva kwa dakika 45 hadi 60, na ukigongwa chini hutoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Huachwa upoe, nao huliwa asubuhi ya pili.

Kiasi hicho hutoa mkate wa karibu gramu 780, yaani pungufu kidogo ya mikate miwili ya dukani. Mfuko wa unga wa kilo 2 hutoa mara nne ya hapo. Kila mzazi na alinganishe mwenyewe: bei ya mfuko mmoja wa unga kwa upande mmoja, na bei ya mikate 7 ya dukani kwa upande mwingine. Tofauti yake, ikizidishwa kwa idadi ya mifuko itumiwayo kwa mwaka, ndiyo mshahara wa dakika zile 5 za asubuhi.

Keki ya ndizi

Gusii ni nchi ya ndizi, na katika nyumba nyingi hutokea mkungu ukaiva wote kwa mara moja. Ndizi zilizoanza kuwa nyeusi, ambazo watoto huzikataa na wachuuzi hawazitaki, ndizo zifaazo zaidi kwa keki, kwa sababu zina utamu mwingi.

Ndizi 3 kubwa zilizoiva sana hupondwa kwa uma. Huongezwa mayai 2, sukari nusu kikombe, mafuta ya kupikia theluthi ya kikombe na chumvi kidogo. Katika bakuli la pili unga wa ngano vikombe 2 huchanganywa na poda ya kuokea kijiko kimoja na nusu cha chai. Vitu vya mabakuli mawili huunganishwa kwa haraka bila ya kupigwa sana, kwa kuwa kupigwa sana huifanya keki iwe ngumu. Huokwa kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja, na kijiti kikichomekwa katikati chatoka kikavu.

Wapishi wengi huhuzunika kuona keki iliyopanda vizuri ikididimia katikati. Vitabu vingi vya upishi viliandikwa kwa nchi za chini karibu na bahari, navyo huagiza poda vijiko viwili au zaidi kwa unga wa kiasi hiki. Sehemu kubwa ya Nyamira iko juu ya mita 1,500. Huko juu hewa ni nyepesi, na mapovu ya poda hupanuka upesi kuliko unga unavyoshikana, kisha keki huanguka. Mpishi wa nyanda za juu apunguze poda kwa robo, naye ataona tofauti.

Biskuti za wimbi

Wimbi ni nafaka ya wazee wa Gusii, na kwa madini ya kalsiamu, ambayo hujenga mifupa na meno ya watoto, yazishinda ngano na mahindi. Lakini unga wake hauna ile nta ya ngano iushikayo mkate, kwa hiyo hauwezi kuumuka peke yake. Katika biskuti, ambazo hazihitaji kuumuka sana, hilo si kasoro.

Siagi nusu kikombe husuguliwa kwa sukari nusu kikombe. Yai moja huongezwa, kisha unga wa wimbi kikombe kimoja, unga wa ngano kikombe kimoja, na poda ya kuokea nusu kijiko cha chai. Donge husukumwa mpaka lipate unene wa nusu kidole, na biskuti hukatwa kwa mdomo wa bilauri. Hazihitaji sufuria ya mchanga. Huwekwa juu ya kikaango kizito, moto ukiwa mdogo sana, hufunikwa, na kugeuzwa mara moja. Zikipoa kabisa na kutiwa katika mkebe wenye kifuniko, hukaa juma zima, na mtoto hupata kitu cha kubeba shuleni.

Hatari isiyosamehe

Baridi na mvua za Nyamira huwashawishi watu kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa na kichwa, hushikwa na usingizi, na usingizi huo waweza kuwa wa mwisho. Kuoka kuchukuapo saa nzima, mlango au dirisha libaki wazi, na jiko lisilazwe katika chumba cha kulala hata kama mkate bado haujaiva. Mkate mbichi ni hasara ndogo.

Kifuniko chenye makaa juu yake nacho ni hatari kwa watoto watambaao. Jiko liwekwe pembeni, mahali pasipopitwa. Mtoto akiungua, jeraha limwagiwe maji safi ya baridi yatiririkayo kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Asipakwe mafuta, unga, yai wala dawa ya meno, maana vitu hivyo hushika joto na kuleta uchafu katika jeraha.

Kanuni ya pili: kukata siku moja, kushona siku nyingine

Kushona huwashinda watu wengi kwa sababu wataka kuanza na kumaliza kwa mara moja. Kazi ya kushona yaweza kugawanywa vipande vipande, nayo haiharibiki ikingoja. Siku moja ya nafasi, labda Jumapili alasiri, mzazi hupima na kukata vitambaa vyote vya juma. Siku nyingine hushona tu, nusu saa kwa nusu saa, watoto wakisoma kando ya taa ile ile.

Hakuna haja ya kungoja cherehani. Mkebe mmoja watosha, wenye sindano tatu za unene mbalimbali, uzi mweupe, mweusi na wa rangi ya sare ya shule, mkasi usiotumiwa kwa karatasi, pini, na utepe wa kupimia. Mahali pa chaki ya fundi, kipande chembamba cha sabuni kavu hutia alama nzuri katika nguo ya giza na hutoka kwa kufuliwa. Pini zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi. Pini moja iliyosahauliwa katika nguo ya mtoto ni kosa kubwa.

Sare yenye akiba

Mtoto hukua kuliko sare yake. Mzazi anunuapo au ashonapo sare mpya, achague iliyo ndefu kuliko inavyohitajiwa, kisha aikunje ndani pindo la sentimita 8, alishone kwa mkono kwa nyuzi zisizoonekana nje. Kila mtoto anaporefuka, pindo hufumuliwa kidogo na kushonwa upya. Ule mstari ubakiao mahali pa pindo la kwanza hupungua ukipigwa pasi kwa kitambaa kilichochovywa katika maji yenye siki kidogo.

Suruali ya mvulana huchakaa kwanza magotini na makalioni. Kiraka kiwekwe kabla tundu halijatokea, nguo ingali nyembamba tu. Kiwekwe upande wa ndani, kiwe kikubwa kuliko mahali palipochakaa kwa vidole viwili kila upande, na pembe zake zikatwe ziwe mviringo ili zisifumuke. Kiraka kilichowekwa mapema huonekana kwa shida. Kilichochelewa huonekana na watoto wa darasa zima.

Mfuko wa sokoni

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, sheria ya Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Tangu hapo kila aendaye Keroka, Miruka au Ikonge hununua mfuko au hubeba wake. Mfuko wa nguvu hushonwa kwa saa moja na nusu, kutoka kwa pazia la zamani, suruali nzito ya mtumba au kitambaa cha gunia la pamba.

Kitambaa cha sentimita 80 kwa 40 hukunjwa katikati, upande mzuri ukiwa ndani, na pande mbili hushonwa sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Mdomo hukunjwa mara mbili na kushonwa. Vishikio viwili hukatwa, kila kimoja sentimita 60 kwa 8, hukunjwa kwa urefu mara nne na kushonwa. Siri ya mfuko iko mahali kishikio kiungwapo na mdomo. Hapo pashonwe mraba, na ndani ya mraba msalaba. Mfuko ulioshonwa mstari mmoja tu hukatika siku ya kwanza ya kubeba viazi.

Vitambaa vya binti

Kuna kazi moja ya sindano ambayo wazazi huona haya kuitaja, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Msichana asiye na kitu cha kutumia siku zake za mwezi hukaa nyumbani, na masomo aliyoyakosa hayamrudii. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili serikali iwape wasichana wa shule taulo za hedhi bila ya malipo. Sheria hiyo ni njema, lakini mgao wa shuleni haumwondolei mzazi wajibu wa kuwa na akiba nyumbani.

Vitambaa vya kufuliwa hushonwa kwa pamba tupu, si kwa nailoni. Vipande viwili vya flana laini hukatwa, urefu sentimita 26 na upana sentimita 8, vikiwa na mabawa mawili katikati ya kufungia chini ya chupi. Katikati yake hutiwa tabaka mbili au tatu za kitambaa cha taulo, urefu sentimita 22 na upana sentimita 6. Hushonwa kinyume, hugeuzwa kwa tundu dogo lililoachwa, tundu hufungwa, na kifungo cha kubana hutiwa katika mabawa. Msichana mmoja ahitaji angalau vitambaa 6.

Usafi wake ni sharti. Vilowekwe kwanza katika maji baridi, maana maji ya moto hugandisha damu. Kisha vifuliwe kwa sabuni, visuuzwe sana, na vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Wasichana wengi huvificha chini ya godoro kwa haya, na unyevu uliobaki humletea mtu magonjwa. Iwapo kamba ya nje yaleta aibu, leso nyepesi yaweza kutandazwa juu yake, na jua litapita. Mama amfundishe binti mambo haya kabla siku hazijafika, naye baba asijifanye kwamba hayamhusu. Fedha za flana ni zake pia.

Juma la kazi

Katika nyumba za Waadventista juma lina mpaka wake tayari. Ijumaa ni siku ya maandalizi, na jua likitua moto wa kazi huzimwa. Kwa nyumba hizo keki ya ndizi na biskuti zafaa kuokwa Ijumaa mchana, ili Sabato iwe na chakula pasipo kazi. Kwa nyumba za Wakatoliki na wengineo, Jumamosi jioni hufaa. Mkate wa kutwa waweza kuokwa mara mbili au tatu kwa juma, siku zile ambazo maharagwe au githeri imepikwa, kwa kuwa vyakula hivyo huacha makaa mengi. Kukata vitambaa kuwe mara moja kwa juma, na kushona kuwe nusu saa mara mbili. Ratiba hiyo yataka saa mbili na nusu au tatu za mikono kwa juma zima. Mzazi asiyeweza hata hilo achague jambo moja tu.

Kwa kuwa mafundi wa cherehani katika masoko yetu wengi wao ni wanaume, hakuna sababu ya kusema kuwa sindano ni ya wanawake. Mvulana ajuaye kutia kifungo na kuchanganya unga wa mkate hatakuwa mzigo kwa mtu atakapokwenda kazi mbali na kwao. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kote nchini katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019, wawataka watoto wajifunze kwa kutenda, na mzazi awasaidie nyumbani. Mtoto akipima unga kwa kikombe amejifunza sehemu za hesabu, na akipima kitambaa amejifunza sentimita.

Wengine, baada ya mkate wa tatu kupanda vyema, hufikiri mara moja juu ya kuuza. Ni fikira nzuri, lakini isiharakishwe. Mkate wa kufungwa na kuuzwa hutakiwa kuwa na alama ya Shirika la Viwango la Kenya, na biashara hutaka kibali cha kaunti. Zaidi ya hayo, atakayeoka kwa kuuza hawezi tena kutegemea makaa yaliyobaki jikoni. Atanunua makaa, na hesabu yote itabadilika. Nyumba ishibe kwanza, daftari la gharama liandikwe kwa miezi mitatu, ndipo shauri la biashara liletwe mezani.

Wazee wamesema, haba na haba hujaza kibaba. Hakuna nyumba itakayotajirika kwa mkate mmoja wala kwa kiraka kimoja. Lakini fedha zisizotoka mfukoni mwezi wa Agosti zitakuwamo mwezi wa Januari, watoto wanaporudi shuleni na karo ya sekondari ikidaiwa, hali bonasi ya Oktoba imekwisha kusahaulika. Atakaye kuanza asingoje oveni wala cherehani. Kesho asubuhi, maji ya chai yakichemka, atwae vikombe vinne vya unga.